Mvua Nisiyoiona Kule Vihingo

Vijana wangu, ninyi mnaootesha miche katika mifuko ya nailoni na kuimwagilia kwa mpira, kila mnaponitembelea hapa Kisarawe hamkosi kuniuliza: babu, ulikaaje peke yako porini miaka yote ile? Mnauliza huku mnacheka, kana kwamba nilikuwa kifungoni. Leo nitawajibu. Ila mnivumilie, maana siwezi kuzungumzia upweke wangu bila kuanza na mbegu.

Mbegu ya mvule ni ndogo kama punje ya ulezi. Siku niliyoajiriwa katika kitalu cha serikali, upande wa Vihingo, nilikabidhiwa kibuyu cha mbegu hizo nizipande. Mimi mtoto wa wakulima, nilijua mahindi na mihogo. Nikatoboa mashimo kwa kidole, nikazidondosha, nikazifukia, nikashindilia udongo kwa kiganja kama anayefunga mlango. Nyapara wetu, Mzee Kondo, mtu wa Masaki ya huku Kisarawe, akaja akasimama kando ya tuta, mikono nyuma. Akatazama sana.

"Umezizika vizuri," akasema. "Sasa tuzisomee dua, twende zetu."

Hazikuota. Zilipoletwa nyingine akanionyesha mwenyewe. Mbegu ya mvule haifukiwi. Unaichanganya na mchanga, unainyunyiza juu ya udongo uliochekechwa, kisha unapitisha mchanga mwembamba juu yake, kiasi tu cha kuificha ndege wasiione. Unafunika tuta kwa nyasi kavu, unaondoka. "Kuondoka ndiyo kazi yenyewe," alikuwa akisema Mzee Kondo. "Ninyi vijana wote mnataka kurudi kuchungulia."

Mtiki ni habari nyingine. Mbegu yake ni ngumu kama kijiwe. Unailoweka usiku, unaianika juani mchana, unailoweka tena, unaianika tena, mpaka ikubali. Ukishapata mche wa mwaka mmoja, unaung'oa wote, unakata shina libaki urefu wa kidole gumba, na mzizi ubaki shubiri moja. Tuliviita visiki. Tulivifunga mafungu, tukavifunika nyasi mbichi, tukangoja masika yakolee ndipo tukavipanda mlimani. Mgeni akikiona kisiki cha mtiki atasema ni kijiti cha kuchochea moto. Mwaka mmoja tuliletewa vibarua wapya, wakapanda mstari mzima kichwa chini, mizizi ikitazama mbingu. Mzee Kondo aliutembea mstari ule mwanzo hadi mwisho, kisha akatugeukia. "Hii," akasema, "itachipua Ahera."

Nami sikuwa bora kuliko vibarua. Karibu na nyumba yangu kulikuwa na mvule mkubwa ajabu, na kila msimu nilitandika mikeka chini yake ningojee matunda yaanguke nipate mbegu. Msimu ukapita, ukaja mwingine, mikeka ikaliwa na mchwa. Mwishowe Mzee Kondo alinihurumia. Akaniambia kwamba mivule ina dume na jike, na dume hatoi tunda hata umbembeleze vipi. "Unamngoja mwanamume ajifungue," akasema. Ukitaka jike, fuata popo. Mahali wanapogombana wakati wa matunda, hapo ndipo utandike mkeka.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu.

Nilipokwisha kuzoea kazi nikaoa. Mke wangu aliitwa Eunike, binti wa Janga, karibu na Mlandizi, kutoka mojawapo ya familia chache za Kikristo kule. Tulijuana misheni, tulikosoma wote. Yeye alisoma vizuri kuliko mimi, na Biblia iliyokuwa nyumbani mwetu ilikuwa yake. Jioni, nikishamaliza kumwagilia, tulikaa kibarazani akasoma hadi mwanga ukatoweka. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha si zamani, mafuta ya taa yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo Neno la Mungu nyumbani kwetu lilikoma pale jua lilipozama.

Siku moja alisoma mwanzo kabisa, mahali Mungu anapoiambia nchi itoe majani na miche yenye mbegu na miti ya matunda. Akafunga kitabu, kidole chake ndani.

"Yeremia," akaniambia, "miche iliumbwa siku ya tatu. Mtu akaumbwa siku ya sita. Hizo siku za katikati, nyapara alikuwa nani?"

"Labda Mungu mwenyewe."

"Na jua lenyewe lilikuwa bado. Limewekwa siku ya nne."

"Basi hapakuwa na haja ya kufunika matuta," nikasema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hakikuwa na mtu mwingine wa kukisikia. Nyumba iliyokuwa jirani na yetu ilikuwa mbali kiasi kwamba moshi wake tuliuona asubuhi tulivu tu. Vibarua walikuja asubuhi wakaondoka alasiri. Mungu hakutujalia mtoto. Mchana kutwa mimi nilikuwa na miche, na Eunike alikuwa na ua uliofagiwa, sufuria zilizosuguliwa, na ngedere waliokuja kuiba mihogo.

Kisha mama yake akaanza kuumwa miguu, akashindwa kwenda shamba. Eunike akaenda Janga kumtazama. Tulisema ni kwa mwezi. Mwezi ukawa msimu. Mimi nilikuwa nikienda kila nilipopata ruhusa, kutwa nzima ya mguu, nikilala siku mbili kisha nikarudi. Katika safari mojawapo nikamuuliza atarudi lini. Alikuwa anatwanga, akausimamisha mchi.

"Yeremia, huku kuna mtu wa kunipigia hodi," akasema. "Kule kwako nilikuwa nakaa siku nzima natega sikio. Sijakukimbia. Ukiacha kazi uje, mimi nipo."

Hatukugombana. Afadhali tungegombana, maana ugomvi huisha. Kazi ile ndiyo ilikuwa mshahara wetu, na ndiyo iliyomlisha hata mama yake. Aliitoa Biblia yake mvunguni akanipa. "Nenda nayo wewe," akasema. "Mimi nina watu wa kuzungumza nao."

Mwaka uleule Mzee Kondo alistaafu. Goti lilikuwa limemshinda, akarudi Masaki kwenye mikorosho yake. Mimi nikapewa unyapara. Nikabaki katika nyumba ile, mimi, Biblia, na matuta.

Sasa hapa, vijana, nisikilizeni vizuri kwa ajili ya kazi yenu. Mche hufa kwa maji mengi upesi kuliko unavyokufa kwa kiu. Mimi wakati ule nilikuwa nikitoka nje asubuhi, sina wa kumwamkia, basi naamkia miche. Naimwagilia. Mchana napita tena, naisemesha, naimwagilia. Jioni vilevile. Ikaanza kulegea shingoni, pale shina linapokutana na udongo, ikawa laini kama uzi uliolowa, ikalala tuta zima. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Mzee Kondo alikuja kunijulia hali akiwa juu ya punda wa jirani yake, akaung'oa mche mmoja akaunusa.

"Umeizamisha," akasema.

"Nilikuwa naitunza, mzee."

"Ulikuwa unaipigia soga." Akakichovya kidole chake udongoni mpaka kifundo cha pili. "Udongo ukishika kidole, ondoka. Ukiachia kidole, mwagilia. Na ukitaka mtu wa kuzungumza naye, njoo Masaki."

Nilikwenda, mara chache. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, lakini kuhusu mbegu hatukuwahi kutofautiana: mtu hupanda, akimwagilia amemwagilia, na kinachotokea ndani ya udongo hakimhusu. Alikuwa akisema, "Mimi nimekuwa nyapara wa nje tu. Huko ndani kuna mwenyewe."

Ukaja mwaka ambao vuli ilikosa. Mawingu yalijikusanya yakatawanyika. Mihogo ikabaki myembamba kama vidole, na vibarua wakaniaga mmoja mmoja, wakaenda kutafutia watoto wao chakula. Sikuwalaumu. Kijito tulichokuwa tunachota kikabaki dimbwi, na dimbwi likazidi kusogea mbali na kitalu kadiri jua lilivyolinyonya. Nikawa nachota mwenyewe kwa mzegazega, debe mbele na debe nyuma, tangu mapambazuko. Sikuweza kuyafikia matuta yote. Niliyachagua yaliyo karibu na kijito, yale ya juu nikayaacha. Yale ya juu hata kuyapalilia nikaacha, nyasi zikakauka humohumo. Bwana Miti, yule Mzungu aliyesimamia misitu yetu, alikuwa aje kukagua kabla ya masika, na ilikuwa imesemwa wazi kwamba kitalu kikikosa miche ya kupanda mwaka ule, kitafungwa.

Basi nilikuwa hapo, mzegazega begani, alipopita mchuuzi mmoja wa chumvi na baiskeli yake. Alinijua kwa sababu alinunua mihogo Janga. Akashuka kwenye baiskeli kabla hajanifikia. Mtu akishuka kwenye baiskeli mbali, moyo wako hujua.

"Bwana Yeremia, mkeo ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Homa. Amelala siku nyingi. Mama yake ameniambia nikikuona nikwambie uje."

Akanywa maji yangu akaendelea na njia yake. Mimi nikasimama. Niliyatazama matuta, nikajua kwamba kwa jua lile siku tatu zinatosha kuyamaliza, na mimi nisingerudi kwa siku tatu. Nikamimina madebe yote mawili kwenye tuta lililokuwa karibu, nikauweka mzegazega chini, nikachukua Biblia na nguo moja, nikaenda. Nilipofika mlimani nikageuka mara moja. Kitalu kilikuwa kidogo kabisa kutoka pale, rangi ya majivu.

Nilimkuta Eunike kibarazani, mkekani, amekuwa mwepesi kama mtoto. Dresa wa zahanati alikuwa amekuja na dawa, naye alikuwa akija kila alipoweza. Mama mkwe, pamoja na miguu yake ile, alikuwa akijikokota kati ya jiko na mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja." Akanipa kisogo kwa heshima, kama ilivyo desturi ya mkwe na mkwe.

Nilikaa. Nilimlisha uji kwa kijiko, nilimkanda kwa maji, nilimpepea. Siku zake nzuri alizungumza.

"Miche umemwachia nani?" akaniuliza.

"Sijui."

"Unajua."

Akataka nimsomee. Alitaka ile zaburi inayozungumzia chemchemi mabondeni, na majani yanayooteshwa kwa ajili ya ng'ombe, na mimea kwa kazi ya mwanadamu. Nikafika mahali panaposema kuwa miti ya Bwana imeshiba maji, ile mikubwa ambayo ameipanda mwenyewe.

"Hapo," akasema. "Rudia."

Nikarudia.

"Unaona? Wewe hutajwi." Na kile kicheko chake kikaja, kidogo tu, kikageuka kikohozi.

Alasiri moja anga la upande wa Vihingo liligeuka jeusi. Tuliliona kutoka kibarazani, mbali sana, mvua ikining'inia kama pazia lililolegea. Pale Janga halikudondoka hata tone. Kuku waliendelea kuoga vumbi. Nilimwinua Eunike kidogo ili aone, akatazama hadi pazia lile likafifia.

"Kuna mtu anamwagilia," akasema.

Alifariki asubuhi ya siku chache baadaye, mama yake akiwa jikoni anakoroga uji. Nilikuwa nimemshika mkono. Sikujua wakati ulipoachia.

Majirani, karibu wote Waislamu, ndio waliochimba kaburi, ndio waliobeba jeneza, na ndio waliokaa nasi matangani. Mwinjilisti alikuja akasoma maneno ya punje ya ngano inayoanguka katika nchi. Nilikuwa nimezika mbegu maisha yangu yote, na sikupata ndani ya maneno yale mahali pa kushika.

Nilirudi Vihingo kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Nilipoikaribia njia ya kitalu nikaanza kukanyaga tope. Nyasi changa zilikuwa zimetoka kila mahali, kijani kinachoumiza macho. Matuta ya kando ya kijito, yale niliyoyabebea maji mpaka bega likachubuka, yalikuwa yamezolewa na mafuriko, hakuna kitu. Nikapanda kwenye yale ya juu. Yale ndiyo niliyoyaacha. Nyasi kavu ambazo sikuzipalilia zilikuwa zimeifunika miche ya mitiki iliyokuwa humo, jua lisiipige, na mvua ilipokuja zikayazuia maji yasikimbie. Nikazifunua kwa mikono. Chini yake miche ilikuwa imesimama, safu kwa safu, majani mapana, mabichi.

Nilikaa chini palepale topeni. Nilichowaza sikuweza kumwambia mwinjilisti. Niliwaza hivi: niliyoiacha bila mtu imeishi, na niliyekaa naye usiku na mchana nimemzika. Ndani ya Biblia ile kuna mahali, katika kitabu cha Ayubu, Mungu anapouliza ni nani aliyeipasulia mvua njia ili inyeshe juu ya nchi isiyo na watu, jangwani asipokaa mtu, ili majani mororo yaote. Zamani niliyapenda maneno hayo. Nilidhani ni yangu, mtu wa porini. Sasa yalinichoma. Nikaiingiza Biblia darini, ndani ya kapu, nikaiacha huko.

Bwana Miti alikuja na lori lake. Akatembea kati ya matuta ya juu, akainama, akapima urefu wa miche kwa fimbo yake, uso ukamfunguka. Kote alikopita mwaka ule alikuwa ameona matuta matupu.

"Vizuri sana, nyapara," akasema. "Umeokoaje hii?"

"Sikuwepo, bwana."

Akadhani Kiswahili kimempita pembeni. "Hukuwepo wapi?"

"Hapa. Nilikuwa Janga. Nilikuwa namzika mke wangu."

Akavua kofia yake. Akasimama nayo mkononi, bila kujua aitie wapi. "Pole," akasema. Kisha akauliza: "Sasa nani alimwagilia?"

"Mungu," nikasema.

Tangu matanga sikuwa nimelitamka jina lile, na sikulitamka kwa imani. Nililitamka kama mtu aliyeulizwa polisi, naye anamtaja mwizi wake. Lakini likishatoka, halirudi. Yule Bwana alitikisa kichwa taratibu, akaagiza nipewe sukari na majani ya chai kutoka kwenye lori, akaondoka. Mimi nikabaki na neno lile limesimama hapo kitaluni.

Habari za msiba zilimfikia Mzee Kondo. Akaja tena, safari hii kwa miguu yake, na goti lile, sijui alilala wapi njiani. Alinipa mkono, akakaa kwenye gogo, akakubali chai. Nami nikamwambia lile ambalo sikumwambia mtu: niliyoiacha imeishi, niliyekaa naye amekufa. Nikamuuliza yeye, mtu wa dini, aliyeniambia kwamba huko ndani kuna mwenyewe: mwenyewe gani huyu?

Nilitaka aniambie kitu nikikatae.

"Mwanangu," akasema, "hilo mimi sina jibu lake. Nimezika wake wawili na sijalipata." Akaweka kikombe chini. "Lakini masika yamekaribia, na mtiki hautungoji tupate jibu. Nipe panga."

Basi tukakata visiki. Yeye alikaa kwenye gogo, mimi nikawa nang'oa na kumletea. Mikono yake haikuwa imesahau chochote: shina kidole gumba, mzizi shubiri moja, tupa kwenye nyasi. Alikaa kwangu mpaka mvua zikakolea na vibarua wakarejea, tukapanda kilima. Jioni alikuwa akitandika mkeka wake kusali, nami nikakaa mlangoni nimenyamaza. Jioni moja, alipokwisha sala, akaniuliza kitabu changu kiko wapi. Nikamwonyesha darini.

"Kishushe," akasema. "Kitaliwa na mchwa, kama mikeka yako."

Nikakishusha. Sikukisoma siku ile. Nilikifuta vumbi tu.

Mliniuliza nilikaaje peke yangu. Nilikaa vibaya, vijana wangu. Siku nyingi nilizungumza na mche kabla sijazungumza na mtu. Sikuoa tena. Nilibaki kitaluni hadi nywele zikawa hivi, na kile kilima tulichokipanda na Mzee Kondo ndicho mnachokiona mkipita, ingawa ninyi mnaona mbao tu. Kuhusu mimi na Mungu, tuliendelea kufanya kazi mahali pamoja. Kuna miaka hatukusemezana. Lakini kila masika nilipotoka asubuhi nikakuta tuta limepasuka na vichwa vidogo vimechungulia, nilijua kwamba kuna aliyekuwa zamu, na si mimi. Siwezi kuwadanganya kwamba jambo hilo lilinifariji kila mara. Siku nyingine lilinikasirisha. Ila halikuniacha.

Nitamalizia na safari yangu ya Janga ya mwaka uleule, mwisho wa masika, baada ya Mzee Kondo kurudi kwake. Nilikwenda kumjulia hali mama mkwe na kumpelekea mtama kidogo. Nilimkuta peke yake, ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha juani. Tukaamkiana. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimwoe binti yake.

"Nenda pale juu ya bonde," akaniambia, "penye kile kishamba. Ukachume boga."

"Umelima, mama?"

"Nitalima kwa miguu ipi? Alipanda Eunike, kabla homa haijamlaza. Alizifukia mbegu jioni moja, akaniambia tutakula masika yakiisha. Mimi sijafika huko hata mara moja. Majirani ndio wanaoniambia yapo."

Nikaenda. Palikuwa pamejaa magugu, hakuna aliyepalilia, hakuna aliyetazama. Mashina ya maboga yalikuwa yametambaa yakavuka mpaka, yakapanda juu ya kichaka, yakashuka upande wa pili. Na humo ndani, katikati ya majani mapana yenye umande, yalikuwa yamelala maboga, makubwa, ya rangi ya udongo mwekundu. Nilisimama mbele yake muda mrefu kabla sijaweza kulishika moja. Mkono uliozipanda mbegu zile ulikuwa ardhini tangu kabla ya masika, na zenyewe hazikuwa zimesita.

Nilichuma moja nikalibeba begani. Mama mkwe akalipasua, akalipika kwa nazi. Kwa desturi angenipelekea sahani yangu kibarazani, naye akala jikoni. Nilimwona ametoka na sufuria, ameishika kwa matambara, akaiweka katikati ya mkeka. Akaketi upande wa pili.

"Tule pamoja," akasema. "Tumebaki wawili."

Nikachukua kipande. Wallahi, nilitamani kiwe chapwa. Nilitamani kiwe na uchungu kidogo, kama boga lililokosa mwangalizi. Kilikuwa kitamu, kitamu kuliko boga lolote nililowahi kula, na hapo ndipo nilipolia, mimi ambaye kaburini sikulia.

"Tamu," akasema mama mkwe, naye machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

"Tamu, mama," nikamjibu.

Akanisogezea sufuria. Tukala mpaka tukalimaliza.